Kahawa Ndani ya Koti la Marehemu

Si kweli! Nani kakwambia nilikimbia? Waliokimbia ni wao, mimi ningekimbiaje na goti la askari liko shingoni? Kujikojolea, hapo sawa, nilijikojolea, mbele ya Muleba nzima, tusibishane tena.

Ilikuwa mwaka ule wakimbizi wa vita vya ng'ambo ya mpaka wamejaa mpaka kwenye ghala la kahawa kijijini kwetu. Mle alikuwamo Spesioza na kichanga chake, mkimbizi aliyemlisha kaka yangu uji kwa kijiko mpaka siku ya mwisho, wakati ndugu wa damu wanaogopa hata kushika kikombe chake (ugonjwa wenyewe mnaujua). Kwa hiyo anayemgusa Spesioza kanigusa mimi. Sasa ghala linavuja, wilaya ikaleta maturubai, tukashangilia, kabla halijafungwa hata moja tukasikia mgeni mkubwa anakuja kuwaona wakimbizi, na askari wanatoka Bukoba kumlinda. Maturubai yote yakaondoka, moja kivuli cha jukwaa, mengine mahema ya askari. Nikamvaa bwana mipango wa wilaya.

"Fungu la fedha ni hilo hilo, kijana," akaniambia. "Ulinzi kwanza. Mgeni akikwaruzwa hapa, mimi na wewe tutalala wapi?"

"Na mtoto?"

"Omba mvua isinyeshe."

Nikaapa nitamwambia mgeni mwenyewe. Ila kwetu humwagii mgeni shida zako hajatafuna kahawa ya kukaribishwa (bibi angekufa kwa aibu), basi nikafunga punje zake kavu kwenye jani la mgomba, nikatia mfuko wa ndani wa koti la marehemu kaka. Jani na kahawa tu, jamani! Sikukumbuka kwamba ule mfuko umetoboka.

Mgeni akaja akishika watu mikono. Alipofika kwangu nikasema kwa heshima ya kikwetu, "Karibu, waitu, kidogo tu," nikaingiza mkono. Hakuna kitu. Kifurushi kimeteremka kwenye bitana, kiko huko mgongoni, nami nakifukua, jasho linanitoka, namwambia, "Subiri, mzee, kinakuja!" (Fikiria sura hii, macho mekundu, koti la kuazima kwa maiti, namwambia mkubwa asubiri kinakuja.)

Aliyenipiga sikumwona. Nilijikuta nina udongo mdomoni, mtu akapiga kelele "Bomu!", na watu waliotoka vitani hawaulizi bomu gani, wakaondoka na nguzo za jukwaa, turubai likawafunika wakubwa wote, wakawa wanarukaruka humo kama sangara kwenye wavu. Sikucheka. Mtutu ulikuwa sikioni, wa baridi.

Askari akakifukua kifurushi kwenye bitana. "Nini hii?"

"Ka... kahawa, afande."

"Tafuna."

Nikatafuna. "Yote!" Nikatafuna yote, na jani lake, huku suruali inalowa, na maneno niliyoyapanga wiki nzima hayakuja hata moja. Mimi! Niliyewahi kumnyamazisha katekista!

Akaja Spesioza, mtoto kifuani. "Afande, huyo ni kaka yetu, hana ubaya."

"Na wewe nani? Unataka tukurudishe kwenu ng'ambo ya mpaka leo leo?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikamtolea macho anyamaze, kahawa imenijaa mdomoni, akanielewa, akarudi nyuma polepole.

Mgeni akapanda gari bila kuingia ghalani. Bwana mipango akatutangazia kwamba Muleba sasa inahesabiwa sehemu ya hatari, mgeni mwingine akija askari wataongezwa, na maturubai yabaki kwao. Kwa sababu yangu! Mvua ikaja kesho yake, nikavua koti nikampa Spesioza amfunike mtoto, na tangu hapo mkono wangu hauingii mfukoni mbele ya mkubwa, hata nikiwashwa.

Haya, cheka. Umemaliza? Basi niambie wewe unayeijua serikali: yule mgeni alikuja kumwona nani?