Meli Kuukuu ya Mulenda

Mulenda wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka hakuweza kununua hata chumvi bila majirani kujua. Kwa hiyo ndugu yake aliyeko Kanada alipowatumia yeye na mkewe Annuarite pesa za kutalii kwa meli kama zawadi ya jubilei ya ndoa, mtaa mzima ulisikia kwamba Mulenda anasafiri.

Kwanza alitaka meli nyeupe ya baharini, yenye bwawa la kuogelea juu ya paa. Kila wiki alivaa koti lake la kanisani, akapanda minibasi hadi City Centre, Lilongwe, akaketi mbele ya binti wa wakala wa safari, akipekua picha za meli kama anayechagua mchumba. Bei zilimshusha polepole: kutoka baharini hadi ziwani, kutoka meli mpya hadi kuukuu moja iliyokuwa ikibeba mahindi kabla ya kupakwa rangi. Hapo akageuka mtetezi wa vikuukuu.

"Bateau ya zamani njo muzuri," alimwambia Annuarite kuhusu meli hiyo. "Ile ya mupya haiyajue maji."

Annuarite hakujali maji. Alijali cherehani yake, iliyowalisha tangu wakimbie kwao Fizi, wakati Mulenda akitoa maoni.

Sasa, Dzaleka mtu haendi City Centre kila wiki na koti ili kujiburudisha. Anakwenda kuhojiwa na wanaohamishia wakimbizi ng'ambo. Akianza kutaja safari, watu wanajua amepata nchi ya kumpokea. Na anayeondoka hivyo habebi vyombo, anawagawia majirani. Wakaanza kuja kwa adabu, kila mmoja macho yamekwisha kutua juu ya kitu.

Esperance, jirani wa mlango wa pili, alisema wazi: "Papa Mulenda, Mungu amebakumbuka. Ile mashini ya mama, mutaachia nani?"

Neno moja lingetosha: tunarudi. Lakini Jumapili iliyotangulia mchungaji alikuwa amemkalisha mbele, kanisa zima likamwombea, wanawake wakilia. Mulenda hakuwahi kuliliwa maishani, na alinogewa.

"Itakuwa ya kwako," akasema.

Annuarite alimjia juu. Yeye akacheka. "Iko maneno tu, mama. Tukirudi tutabaelezea."

Siku ya safari, huko ziwani, meli ilizimika injini kabla chai haijaiva. Walielea siku nzima wakitazama ufuo uleule na mbuzi yuleyule, huku Mulenda akiwaeleza abiria kwamba injini za zamani hupenda kupumzika. Annuarite alitapika, akaomba, akaiwaza cherehani.

Waliporudi baada ya siku chache, mlango wao ulifunguliwa na Sinzinkayo, mgeni aliyepewa nyumba na mchungaji kwa kuwa ilikuwa tupu. Sufuria zao zilikuwa zinapika kwa watu, na cherehani ilikwisha kuhamia kwa Esperance. Esperance mwenyewe alitoka mbio, akamkumbatia Annuarite huku analia.

"Maskini! Balibarudisha? Njo balibakatalia ku aeroport?"

Majirani walijaa kusikia ya uwanja wa ndege. Annuarite alimkazia mumewe macho: sema. Alijua desturi. Alichogawa mtu anayeondoka ni sadaka, hakidaiwi. Alichoahidi mtu aliyekwenda kutalii ni upuuzi, na cherehani ingerudi jioni ileile. Lakini kusema hivyo kulimaanisha kukiri kwamba kanisa lilimlilia bure.

Mulenda akakohoa, akainamisha kichwa.

"Balitukatalia," akasema.

Wakamlilia tena, na safari hii hata wanaume.

Siku hizi wanalala kwenye chumba cha kuazima nyuma ya kanisa. Annuarite anashona barazani kwa Esperance, kwenye cherehani yake mwenyewe, kama kibarua. Wateja wakimpa pole ya kukataliwa Kanada, anashukuru kwa zikomo ya wenyeji na kuendelea kukanyaga. Mulenda hupita hapo na koti lake, akipokea pole zake taratibu kama mfiwa. Siku moja alisimama kumuuliza mkewe kama chakula kipo.

Annuarite alikata uzi kwa meno.

"Ile bateau yako ilishindwa kazi moja tu, papa," akamwambia. "Kukuzamisha."