Ganda la Risasi kwenye Kaunta ya Laoban Chen

Kila nikimwona kijana anachagua silaha kwa macho, nakumbuka siku moja ya Guangzhou, China, na damu inanichemka kana kwamba sijazeeka. Keti, mwanangu. Umeniletea picha za rivolva, unaniuliza ipi ina mdomo mpana zaidi. Hukuniuliza ipi inakaa vizuri mkononi mwako. Hukuniuliza risasi zake zitapatikana wapi. Wewe na marehemu mjomba wako Rajabu mngeelewana sana, na hapo sikusifu.

Rajabu, kaka yake mama yako, alikuwa mtu mkarimu, lakini akishashika jambo hulitoi mikononi mwake hata kwa jembe. Alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha. Alipopata leseni, muuza silaha alimwonyesha rivolva nzuri, kubwa ya kutosha, na risasi zake zilikuwa dukani wakati wowote. Akaikataa. Ati hiyo ni ya askari wa benki! Akachukua dude la zamani lililoachwa na Mzungu mmoja wa mashambani, zito, mdomo wake unaingia kidole. Lilipolia pale uwanjani watu wote waligeuka kumtazama, na nadhani hilo ndilo alilokuwa akilitaka, maana shabaha yenyewe hakuipata.

Sasa, risasi za ukubwa ule zilikuwa zimeshaadimika. Ikabidi awe anazijaza mwenyewe pale klabuni, msimamizi akimtazama, kwa kurudia maganda yale yale ya shaba. Na ganda lina umri wake, mwanangu. Likijazwa na kupigwa mara nyingi huchanika mdomo, halifai tena. Maganda yakawa yanamwishia. Tulimwambia arudishe dude hilo achukue jingine. Alinuna wiki nzima.

Miaka ile ya mwisho ya tisini mimi na yeye tulikuwa tukienda Guangzhou kununua vitambaa, kule soko la Zhongda. Ukishanunua kitambaa unahitaji vifungo, na vifungo vya shaba vya jinzi na makoti tulivichukua kwa Laoban Chen. Laoban ndivyo tulivyowaita wenye maduka wote, lakini Chen alikuwa zaidi ya mwenye duka. Alitutilia chai kabla hatujasema shida yetu. Ukimpelekea kifungo cha sampuli, unakiacha kwenye kaunta, unarudi kesho, unakuta pacha wake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu sote kule: kuacha sampuli na kurudi kesho. Na laoban akikwambia "mei you", yaani hakuna, hukutishika. Mara nyingi hiyo ilikuwa ni hodi ya mazungumzo tu. Ukikaza kidogo, kilichokuwa hakuna kinatoka nyuma ya pazia.

Jioni moja tulikuwa kwenye mgahawa wa Waislamu barabara ya Huanshi, mimi, Rajabu, na Bi Zaituni, mama mmoja wa Unguja aliyekuwa akichapisha kanga kule, ambaye sote tulimheshimu kama mzazi. Rajabu alikuwa amechangamka mno.

"Shemeji, shida yangu imekwisha," akaniambia. "Nimemwachia Chen ganda la risasi. Anayejua kutengeneza kifungo cha shaba atashindwaje na ganda?"

Kijiko kiliniponyoka. Nilikuwa naye sokoni mchana kutwa, kumbe nilipokwenda duka la pili kutazama bitana, yeye akatoa ganda mfukoni! Alikuwa amelisafirisha katikati ya mfuko wa vifungo, wala hakuniambia mimi niliyelala naye chumba kimoja.

Bi Zaituni akamuuliza taratibu, "Na yeye Chen kasema nini?"

"Kasema mei you, Bi. Si unawajua? Kaligeuza, kasoma maandishi ya chini, kajifuta vidole kwenye suruali, kasema mei you, mei you. Kateremsha na mlango nusu. Nikamwambia alale nalo, kesho nakuja tuongee bei."

"Kakwambia hakuna, na wewe umemwachia?"

"Sampuli, Bi!"

"Sampuli ya nini, mwendawazimu wewe? Nchi hii raia hagusi kitu cha risasi! Wewe una tikiti ya kurudi kwenu. Yeye kwao ni hapa hapa." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye unayejua Kichina. Ulikuwa wapi?"

Nilikasirika, maana sikuwa nimefanya kitu, na mpaka leo nikilikumbuka swali lile nakasirika tena.

Asubuhi tulifika Zhongda kabla maduka hayajafunguliwa. Duka la Chen lilikuwa limebandikwa karatasi yenye mhuri mlangoni. Mkewe alikuwa amekaa nje juu ya gunia la vifungo. Jirani alikuwa ameliona lile ganda kwenye kaunta, akaogopa asije akahusishwa, akapiga simu. Polisi wakaja usiku ule ule wakamchukua mume. Yule mama hakutufokea. Alituuliza tu kama tunajua wamempeleka wapi, akidhani sisi wageni tunajua zaidi yake.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Pale janga alilichuma Rajabu, na mla akawa Chen, mtu asiyejua hata bastola yenyewe inafananaje!

Rajabu akaanza kunong'ona kwamba kontena letu linapakiwa kesho kutwa, kwamba labda watamwachia wenyewe, kwamba pengine tukijitokeza tutaharibu zaidi. Bi Zaituni alimwacha amalize. Kisha akajifunga mtandio, akasema, "Twende," akatangulia mbele, na yule bwana mzima, mwenye mzinga wake nyumbani, akamfuata.

Kituoni nilitafsiri kwa Kichina changu cha sokoni, Kichina cha bei na mita. Sikuwa na maneno ya jambo lile. Nilimwonyesha ofisa Rajabu kwa kidole, nikasema la kwake, la kwake. Lakini nitampa haki yake mjomba wako. Hakutafuta kisingizio. Alisema, "Mwambie ganda ni langu. Chen alikataa. Mwambie alikataa mara mbili." Walimhoji hadi magharibi. Chen wakamwachia, ila duka likabaki limefungwa majuma kadhaa, na wateja wake wakahamia kwingine. Rajabu walimpandisha ndege, na China hakuikanyaga tena.

Mimi nilirudi mwaka uliofuata. Duka lilikuwa wazi. Laoban Chen alinisalimu kwa adabu, chai hakutia. Nikaweka kifungo cha sampuli kwenye kaunta, kifungo cha koti tu, mwanangu, cha koti la mtoto. Alikitazama bila kukigusa. Kisha akakisukuma kwangu kwa ncha ya kalamu, akasema, "Mei you."

Sasa nisikilize, maana nimechoka kurudia. Silaha usiichague kwa ukubwa wa mdomo. Uliza kwanza chakula chake: risasi zipo, au utazitafuta kwa tochi? Kama utajaza mwenyewe, maganda yatatoka wapi, sheria inasemaje, na nani atakusimamia? Ishike mkononi mpaka uchoke, ndipo useme ni yako. Chukua ile unayoimudu, hata wenzako wakiicheka. Shabaha haina masikio. Na ukishaichagua, tabu yake iwe yako. Usiende kuitua kwenye kaunta ya mtu mwingine. Na mtu akikwambia hakuna, mwanangu, mwamini. Mara ya kwanza.

Mungu akupe mkono mtulivu na jicho la kuona mbali. Akuepushe na sifa za uwanjani, na popote utakapopita akujaalie watu wakutilie chai ukirudi. Haya, chukua picha zako. Hiyo ya katikati, ndogo ile, niachie niitazame vizuri.