Mpangaji wa Bibi Tsai

Kwa miaka kumi na sita Li-chuan, fundi viyoyozi, aliishi mlango wa pili kutoka kibanda changu cha maziwa ya soya, na kwa miaka yote hiyo Bibi Tsai, mwenye nyumba, alituambia, "Huyo mpangaji wangu." Sisi wa kichochoro kile cha Tainan tukaitikia, "Ehe, mpangaji." Mpangaji gani analala chumba kimoja na Hsueh-chin, binti wa mwenye nyumba, na sikukuu ya mwaka mpya anawekewa paja la kuku? Lakini aibu ya jirani husitiriwa, na mimi nauza maziwa, siuzi umbea. Labda kidogo.

Mwaka 2019 sheria ikapita, wanawake wawili ruksa kuoana. Bibi Tsai, na miaka yake sabini na nne, alinijia mbio na kalenda ya siku za heri kwapani.

"Jirani! Hsueh-chin wangu anafunga ndoa! Keki nimeshaagiza, boksi sitini."

"Na nani tena?" nikamchokoza.

"Acha zako! Na mpangaji!"

Li-chuan alipoambiwa, pale kibandani kwangu, mayai yalimpoa mbele yake. Nyumbani walikuwa na Pin-yu, mtoto wa miaka miwili, aliyeletwa akae nao kwa majaribio wakati mahakama ikipima ombi la kumwasili. Ombi lilikuwa la Hsueh-chin peke yake. Asiye na ndoa aliruhusiwa kuasili, mume na mke pia. Wanawake wawili waliooana, hapana. Wakioana kabla ya hukumu, mtoto anaondoka.

"Yaani serikali inakupa harusi halafu inakunyang'anya mtoto?" Bibi akauliza.

"Ndiyo hivyo, mama," Hsueh-chin akasema. "Kwa hiyo ofisa wa ustawi akija, Li-chuan ni mpangaji. Umesema miaka kumi na sita bila kufundishwa. Sema mara moja tu nyingine."

Ofisa alikuja Jumanne. Nami nilikuwepo, nimepeleka maziwa, ukarimu tu.

"Na huyu dada ni nani hapa?" ofisa akauliza.

Bibi akafungua kinywa, akakifunga. Akakifungua tena.

"Mkwe wangu. Nimechoka kudanganya. Andika, mkwe wangu."

Hsueh-chin akawa mweupe kama tofu. Nami, Mungu anisamehe, nilimchukia yule bibi dakika ile. Ofisa akamtazama Li-chuan, ambaye Pin-yu alikuwa amemlalia begani, udenda ukimtiririka kwenye sare ya kazi.

"Ndoa imesajiliwa?"

"Bado."

"Basi kisheria ni mtu anayeishi humu. Nitaandika kwamba anamjua mtoto vizuri."

Mtoto akabaki. Hukumu ilipotoka wakaoana, na keki tukala hadi tukachoka. Lakini sheria haikumruhusu Li-chuan kumwasili mtoto aliyeasiliwa na mkewe.

"Umepanda cheo, mwanangu," Bibi akamtania. "Ulikuwa mpangaji wangu, sasa mpangaji wa mjukuu wangu."

Li-chuan alicheka sana. Lakini Hsueh-chin alipopasuliwa uvimbe, hakucheka. Siku hiyo alikaa kibandani kwangu bila kula, akaniambia, "Dada, huyu akifa, Pin-yu hana mzazi. Mimi nipo, lakini hana mzazi."

Mwaka 2023 sheria ikarekebishwa kumruhusu, Li-chuan akapeleka ombi lake. Siku ya mahakama nilifunga kibanda, nikaenda na Bibi, tukakaa benchi la nyuma. Hakimu, mama mpole mwenye miwani, akainama kwa Pin-yu, sasa wa miaka sita.

"Mwanangu, ungependa anti huyu awe mama yako?"

Pin-yu akamtazama Li-chuan, akamgeukia hakimu, akamwonea huruma kabisa.

"Kwani nyie mlidhani ni nani?"