Kilo Tisini na Moja za Mjomba Shee

Wiki iliyopita nilipita ufukoni na binti yangu mgongoni, nikawakuta wanaume wawili wanaipaka mashua sifa. Usiyeijua sifa shukuru Mungu. Ni mafuta ya ini la papa, hupakwa mbao zisioze, na harufu yake ikishakuingia haitoki kwa sabuni wala kwa udi. Watu waliokuwa mbele yangu waliziba pua. Mimi nilisimama nikaivuta kama mtu aliyepita mlangoni pa harusi akanusa biriani, hadi mmoja wa wale wapakaji akaniuliza, "Vipi dada, una mimba?"

Sikuwa na mimba. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ina harufu hiyo hiyo.

Ndivyo yalivyonuka mabega ya Mjomba Shee. Alikuwa kaka yake mama, mzaliwa wa kisiwa cha Chovai, na kabla ya vita alikuwa mchukuzi bandarini Kismayu. Wenzake wakibeba gunia moja la sukari yeye alibeba mawili, na bado akawa na pumzi ya kuwatania. Wachukuzi walikuwa na timu yao ya ndondi za ridhaa. Walifanya mazoezi katika ghala tupu nyuma ya bandari, wakilipiga gunia lililoshindiliwa vipande vya nyavu kuukuu. Siku bibi yangu alipomwona kwa mara ya kwanza amevaa glovu, alisema kwa Kibajuni chetu, ambamo mtu huitwa mchu, "Huyu si mchu, huyu ni mashua iliyopinduliwa."

Mashua hiyo iliwaangusha wengi, hadi mabaharia wa meli zilizotia nanga. Walimpeleka hadi Mogadishu akarudi na medali ya uzito wa juu shingoni, na kwa wiki nzima aliivaa hata akienda msikitini, mpaka imamu akamwambia basi, tumeiona. Aliamini kwamba sifa hukaza ngozi isichanike kwa ngumi. Hakuna daktari aliyewahi kusema hivyo, lakini nani angebishana na mtu wa ukubwa ule? Kazi ya kumpaka ilikuwa yangu. Nilikuwa mdogo sana, nikipanda kwenye kigoda kuyafikia mabega yake, na nilijiona nusu ya ushindi wake.

Kisha vita vikaja. Baba alibaki Kismayu akiwatafuta ndugu zake, hatukumwona tena. Sisi tulikimbilia Chovai, na huko nako wakaja wanaume wanne wenye bunduki, mmoja wao hata ndevu hajaota. Walichukua nyavu, mashine za mashua, sufuria, na medali. Mjomba, aliyekuwa akiangusha mabaharia wa kila taifa, aliinua mikono juu kama alivyoamriwa. Nilimwonea haya siku ile. Nilikuwa mjinga.

Tukaangukia kambi ya wakimbizi, kando ya Mombasa: mama, mimi na Mjomba, hema moja. Posho ilikuwa mahindi, maharagwe na mafuta kidogo. Mjomba, aliyetoka Kismayu na kilo karibu mia, alinyauka mpaka suruali akaifunga kwa kamba. Hata hivyo alikimbia kila asubuhi kuzunguka uzio, na alinyanyua madumu ya maji mpaka watoto wakamhesabia kwa kelele. Promota mmoja wa mjini akasikia habari zake, akaja kumtazama. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Wa uzito wa kati ninao tele," alimwambia. "Natafuta mzito. Njoo na kilo tisini na moja, nikupe pambano la kulipwa na chumba mtaani Majengo. Chini ya hapo usinipotezee muda."

Chumba! Mama aliposikia neno hilo aliacha kuchambua maharagwe. Chumba kina mlango, na mlango una komeo. Mjomba siku hiyo alikuwa na kilo themanini na nne.

Sasa nikwambie mama alifanya nini, maana ndilo jambo lenyewe. Pale kambini palikuwa na zahanati iliyowapima watoto wa chini ya miaka mitano kila Jumanne. Mtoto akiwa mwepesi kupita kiasi, mama yake alipewa unga wa uji uliochanganywa na maziwa na sukari, na chupa ya mafuta juu yake. Mimi nilikuwa naingia miaka sita. Mama akaniandikisha minne. Nilikuwa na umbo dogo, na nesi alikuwa na foleni ya kutoka hapa hadi kiyama. Nikawa na miaka minne kwa mwaka mzima na zaidi. Jino la mbele lilipong'oka nusura tuumbuke. Mama alinikanya nisicheke mbele ya nesi, na kweli sikucheka. Nesi akaandika kwamba mtoto ni mnyonge, hana furaha. Tukaongezewa unga.

Sharti la unga ni wepesi, na mimi nilikuwa hodari wa kuwa mwepesi. Jumatatu sikula. Jumanne asubuhi sikunywa hata maji. Siku nyingine nilikula kidogo, kama aliyeonja chumvi. Hakuna aliyenishika kinywa. Mama aliniambia tu, "Kazi yako hii, mwanangu, na Mjomba ana yake," nami nikaifanya kwa majivuno. Watoto wa hema la jirani walinicheka, "Mjomba wako anakula kama ngamia!" Nikawajibu, "Atawapiga baba zenu wote kwa mkono mmoja."

Na uji wote ule uliingia kwa Mjomba. Hakujua. Kwetu mwanamume hutengewa chakula chake peke yake, kwanza, upande wake, naye hatazami nini kimebaki jikoni kwa wanawake na watoto. Ni adabu. Alipouliza unga ule umetoka wapi, mama alimjibu, "Ni posho mpya, wote wanapewa." Akala, akasema alhamdulillahi, akaenda kunyanyua madumu.

Siku ya kupima uzito alinichukua mjini nimbebee kopo la sifa. Ilikuwa Jumatatu. Mizani ilikuwa imewekwa katikati ya ukumbi, wanaume wameizunguka, na mpinzani wake, jitu la kutoka mtaa wa Kisauni lenye shingo kama kinu, alikuwa ameshapima na anajipepea. Mjomba akapanda. Mshale ukatikisika, ukatulia.

"Tisini," alisema promota. "Haijafika."

Mjomba alishuka. Mimi sikuweza kunyamaza. Nilikwenda mbio nikamshika mguu. "Mjomba, nibebe! Tupimwe sote!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. "Mpandisheni," alisema yule wa Kisauni, "huenda huyu ndiye nitakayepigana naye, na huyo mwingine ni mpambe wake. Ila waoshwe kwanza, wote wawili wananuka papa!" Promota, kwa utani, alininyanyua kwa mkono mmoja akaniweka juu ya mizani. "Haya bibie, uzito wa unyoya, tukusome." Aliinama. "Kumi na nne! Una miaka mingapi wewe?"

Nikajibu kama nilivyofundishwa. "Minne."

"Ana saba," alisema Mjomba.

Kicheko kilikatika. Mjomba alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Aliushika mkono wangu akauzungushia vidole viwili, vikapishana.

"Umekula nini leo?"

"Leo Jumatatu," nilimwambia. Nilishangaa kwamba hajui. "Kesho napimwa nipate unga wako."

Aliinuka. Kisha aliomba maji na ndizi. Akanywa jagi zima, akanywa la pili, akala ndizi moja baada ya nyingine, amenikazia macho, hapepesi, kama anayekunywa dawa. Ya mwisho akanipa mimi.

"Kula."

"Kesho napimwa."

"Hutapimwa tena. Kula."

Alipopanda mara ya pili mshale ulipita tisini na moja. Mimi nililia njia nzima ya kurudi kambini. Niliamini nimefichua siri ya mama, na kwamba Mjomba ana hasira nami kwa kuwa uzito wangu haukutosha kumsaidia.

Pambano alilimaliza katika raundi ya tatu. Yule wa Kisauni alimlalamikia refa kuhusu harufu mpaka dakika aliyolala. Tukapata chumba, mama akalifunga na kulifungua komeo mara sijui ngapi, na mimi nikaongeza miaka mitatu kwa siku moja, toka minne hadi saba. Mjomba alipigana ndondi za kulipwa kwa miaka tisa, Mombasa, Dar, mpaka Kampala, na hakushuka chini ya tisini na moja tena. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia, na simdai hilo. Ila tangu siku ile ya ndizi hakula tena peke yake. Sinia ililetwa katikati, mimi nikakaa kuliani kwake, na hakugusa tonge kabla sijameza la kwanza. Watu wa mtaani walisema wanawake wamemkalia. Aliwaambia waje wamwambie ulingoni.

Leo wapo wanaosimulia barazani kwamba Shee alitoka Somalia mikono mitupu akajiinua mwenyewe. Nikiwasikia damu inanichemka. Na kwa miaka mingi ilinichemka zaidi kwa mama. Nilipojifungua Yusra, huyu wa mgongoni, na nesi wa kliniki akaniambia mtoto amepungua gramu mia mbili, nilitoka pale moja kwa moja mpaka kwa mama. Alikuwa anakuna nazi.

"Ulikuwa ukiona nilivyokonda?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nikiona."

"Na ningekufa?"

"Nilikuwa nikikupima kwa mkono kila siku, Amina. Ungepungua kidole kimoja zaidi, ningemwaga uji na chumba chenyewe kipotee." Aliendelea kukuna.

Nilikuwa nimejitayarisha kupiga kelele. Nina kidato cha nne, nina maneno. Nikamwambia Mjomba alikuwa na kilo themanini na nne akafika tisini na moja, mimi nilikuwa na kumi na nne, nimezishika namba zote kichwani, wala sitazisahau. "Na wewe?" nikamuuliza, nikitaka kumshinda. "Wewe ulikuwa na kilo ngapi?"

Mama aliacha kukuna, akanitazama kama nimeuliza upuuzi.

"Mimi?" alisema. "Mimi nani alinipima?"