Boksi Tulilowapa Wapinzani

Mwanangu, iko siku moja ambayo kila nikiikumbuka mgongo wangu hunyooka wenyewe, ingawa umechoshwa na miaka mingi ya kukaa kwenye usukani wa basi hapa Landani. Sogea karibu nikusimulie. Nyinyi vijana mmezoea kusikia wazee wakisimulia walivyoshinda. Mimi nitakusimulia siku niliyoshindwa, uone ni kwa nini najivunia kushindwa kule.

Wakati huo sikuwa kijana wa umri. Mvi zilikuwa zimeshaingia, na binti yangu Kendi alikuwa chuoni. Lakini nilikuwa kijana wa mchezo, na ujana wa mchezo una papara ileile ya ujana wa miaka. Mchezo wenyewe ni wa kulenga shabaha. Unasimama uwanjani na bunduki ya marisau, mashine inarusha kisahani cha udongo angani, nawe unakipasua kabla hakijaanguka. Usicheke. Najua kwetu Meru mwanamke mwenye bunduki ni habari ya kupelekwa kwa chifu. Hapa ni mchezo kama mingine, ila polisi wanakuchunguza kwanza, wanakuja hadi nyumbani kuona kabati la chuma utakamofungia bunduki, ndipo wakupe leseni. Na bila leseni hiyo hakuna duka litakalokuuzia hata risasi moja.

Aliyeniingiza katika mchezo huo ni Mzee Harbans, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu. Alikuwa abiria wangu wa kila siku. Asubuhi moja, nikiwa nimeegesha basi mwisho wa ruti, alinisikia nikizungumza na mama yangu kwa simu, akasubiri nimalize, kisha akaniuliza kwa Kiswahili kisicho na doa, "Mama, huko nyumbani mvua imenyesha?" Tangu hapo tukawa ndugu. Alikuwa na duka mtaa wa Hayes, la mabuti, makoti ya mvua na risasi, na wikendi alikuwa akifundisha watu kulenga katika uwanja ulio nje kidogo ya mji, kupita maghala ya uwanja wa ndege.

Nami nikamvuta Mama Furaha. Huyu alitoka Bukavu, Kongo, na alikuwa akitunza wazee katika makao yao maalumu. Huniita yaya, maana kwao yaya ni dada mkubwa. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto, na tulicheka sana siku tulipogundua. Mara ya kwanza alipokuja uwanjani hakushuka garini. Kila mlio uliposikika aliziba masikio. Sikumlazimisha. Nilimletea chai, akainywa humohumo. Wiki zikapita, akashuka. Zikapita nyingine, akasogea hadi kwenye uzio. Halafu siku moja akaniambia, "Yaya, ile sauti ndiyo ilinitoa kwetu. Nimechoka kuikimbia. Nifundishe."

Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema wahenga, na moyo wa mama yule haukuwa umekufa. Mzee Harbans alimfundisha kwa upole wa ajabu, na siku kisahani chake cha kwanza kilipopasuka, Mama Furaha aliweka bunduki chini, akapiga magoti kwenye nyasi na kuomba. Uwanja mzima ulisimamisha mchezo kumsubiri. Baadaye, alipopata leseni yake mwenyewe, tukaunda timu ya wanawake watatu: mimi, yeye, na Bi Salma, Mzanzibari mkaazi wa Kilburn, muuguzi, mwenye jicho kali kuliko sisi sote.

Ndipo risasi zikaadimika.

Sababu zilisemwa nyingi. Vita huko Ulaya, meli zimechelewa, viwanda vimekosa malighafi. Tulichokiona sisi ni rafu tupu. Mzee Harbans akaweka sharti: kila mwenye leseni, maboksi mawili tu kwa wiki. Nasi tulikuwa tumeshajiandikisha kwa mashindano yetu ya kwanza, na Mama Furaha alikuwa bado anahitaji kupiga sana ili mkono wake utulie.

Nilikwenda dukani nikijiamini. Nikasubiri wateja waondoke, nikainama kwenye kaunta nikamwambia, "Mzee wangu, mimi na wewe ni watu wa kwetu. Niwekee maboksi matano pembeni, nitapitia jioni."

Mzee Harbans alivua miwani akaifuta polepole. "Mama Kendi, baba yangu alikuwa na duka la unga na sukari Kisumu. Sukari ilipopotea, marafiki walikuwa wanakuja kwa mlango wa nyuma. Watu wa kwetu, kama unavyosema. Alikuwa anawapa. Siku moja mama mmoja akaja kwa mlango wa mbele, mtoto mgongoni, mgonjwa, anataka sukari kidogo tu ya kumtengenezea uji. Rafu tupu. Baba alimwangalia yule mama akitoka. Halafu akachukua nyundo na misumari, akaufunga ule mlango wa nyuma kabisa, hata sisi watoto tukawa tunazunguka." Akarudisha miwani usoni. "Sasa unataka mimi niufungue hapa Hayes?"

Uso ulinichoma. Hakupaza sauti, wala hakunifukuza. Alinitolea maboksi yangu mawili kama kila mtu na kuniuliza hali ya Kendi. Mwanangu, kemeo la mtu mpole halitoki masikioni. Nilikwenda nalo kazini, nikaendesha nalo basi kutwa nzima.

Kumbe nilikuwa nimekemewa kwa wakati, maana mtihani ulikuwa njiani. Palikuwa na Mwingereza mmoja tuliyemjua kwa jina la Teri, mcheshi, mwenye vani nyeupe. Uhaba ulipoanza aligeuka mlanguzi. Aliwakusanya jamaa wenye leseni, wengine walikuwa hawajagusa bunduki kwa miaka, akawapanga foleni dukani tangu asubuhi. Kila mmoja ananunua haki yake ya wiki, kisha wote wanampa yeye. Ikifika saa nne rafu imekauka. Naye anaziweka garajini kwake, anaziuza kwa bei anayoitaka. Walioumia hawakuwa matajiri. Walioumia ni wanaojifunza, kama Mama Furaha, ambaye akitoka zamu ya usiku hakuwa na njia ya kuwahi foleni.

Jumapili moja Teri alitufuata tulipokuwa tukipakia vitu garini. Alizungumza kwa tabasamu, nami nakutafsiria. "Mna leseni tatu hapo. Njooni mnipangie foleni tu. Sehemu ya mzigo nitawaachia nyinyi. Mtafanya mazoezi mpaka mchoke."

Alipoondoka, Bi Salma alisema wazi, "Mie sioni ubaya. Tukisusa sisi, wenzetu wala. Na mashindano ndo hayo yamefika."

Sikumlaumu. Hata mimi nilitamani. Lakini Mama Furaha aliufunga mlango wa gari, akasema, "Kwetu, wakati wa vita, wenye walificha chumvi ndio walikuja kutuambia wanatusaidia. Mimi siendi." Basi. Bi Salma alimtazama, akashusha pumzi, akasema, "Haya. Hatwendi."

Nilipofika nyumbani usingizi haukunijia kirahisi, kwa sababu kukataa ubaya ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutafuta njia. Nilimweleza binti yangu, akanijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu watoto wote waliozaliwa hapa, kwamba hiyo ni biashara tu, aachwe mtu atafute riziki. Nikamwambia riziki ya mtu haianzi kwa kumnyima mwingine zamu yake. Kisha, nikibishana naye hivyo huku nakata mboga ya sukuma, jibu likanijia.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Harbans. "Mzee, risasi ya mpigaji inaishia uwanjani. Ya mlanguzi inaishia garajini. Wewe ukiziuza dukani huwezi kujua ipi ni ipi. Peleka mzigo wote uwanjani. Mtu anunue palepale, apige palepale, nyumbani arudi na maganda."

Alikuna ndevu. "Wateja wengine watanikasirikia."

"Watakasirika. Lakini mama atakayekuja kwa mlango wa mbele atazikuta."

Alicheka, cheko la mzee aliyerudishiwa maneno yake, na Jumapili iliyofuata risasi zikawa uwanjani, kwenye meza ya mbao mbele ya kibanda cha chai. Wapo waliolalamika. Teri alikuja na watu wake, akaambiwa karibu, lakini atakachonunua atakipiga hapa hapa. Aligeuza vani. Mmoja wa watu wake alibaki, akasema maadamu amefika basi ajaribu. Alikosa visahani vyote, akacheka mpaka machozi. Hadi leo ni mwanachama wetu, na analenga vizuri.

Risasi bado zilikuwa chache, lakini sasa zilimfikia kila mtu. Na palipopungua tulijazia kwa jasho. Mzee Harbans alitufundisha kufanya mazoezi bila risasi: unakagua bunduki mara mbili kwamba ni tupu, unafunga mapazia majirani wasitaharuki, kisha unaipandisha begani na kufuata kwa mtutu mstari ambao ukuta hukutana na dari, tena na tena, mpaka bega lijue njia lenyewe. Mama Furaha alifanya hivyo kila alipotoka kazini. Bi Salma alisema mikono ilimuuma hata kumfunga mgonjwa bendeji. Mvumilivu hula mbivu, ila hakuna anayekuambia mti wenyewe una miiba.

Siku ya mashindano tulikwenda Mzee Harbans akiwa nasi. Alikuwa ametupa risasi sawa na timu nyingine za klabu, kila timu na boksi moja la akiba. Asubuhi ilikuwa na ukungu, kisha jua likatoka. Tulilenga vizuri kuliko tulivyowahi kulenga. Mama Furaha hakutetemeka. Timu moja moja zikaanguka, mpaka tukabaki sisi na wanawake wa klabu moja ya ng'ambo ya mto Temzi, kupigania kikombe.

Hapo ndipo bunduki zao zikaanza kugoma. Mmoja alisukuma risasi, haikuingia. Mwingine alivuta kifyatulio, kimya. Mwamuzi akasimamisha kila kitu, akachukua risasi zao akazigeuza mkononi. Vitako vya chuma vilikuwa vimeshika kutu. Nahodha wao, mama wa makamo, uso ulimwiva. Alisema walizinunua kwa bei ya kuumiza, kutoka kwa mtu mwenye vani nyeupe, kwa kuwa kwao madukani hapakuwa na kitu. Kumbe Teri, tulipomfungia kwetu, alihamia kwao, akawauzia mzigo uliolala kwenye unyevu wa garaji.

Mwamuzi alisema risasi hizo ni hatari, hazitapigwa. Kama hawana nyingine, kikombe ni chetu.

Mwanangu, ninakiri kwamba niliyapenda maneno hayo. Kikombe kilikuwa pale mezani, kinametameta. Mimi na Bi Salma tulitazamana. Lakini Mama Furaha alikuwa ameshafungua begi. Alitoa boksi letu la akiba, akanitazama mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa nahodha, akasema, "Yaya, nikichukua kile kikombe hivi, nitakiweka wapi mule nyumbani?"

Niliitikia kwa kichwa. Alivuka uwanja, akaliweka boksi mikononi mwa yule nahodha. Sijui waliambiana nini, maana Kiingereza cha Mama Furaha ni kifupi. Nilimwona tu yule mama akimshika mkono na kuchelewa kuuachia.

Tukaendelea. Walilenga vizuri mno wale wanawake. Walitushinda kwa kisahani kimoja. Kimoja tu, na kwa risasi zetu wenyewe. Bi Salma aliguna, "Mola wangu, ningejua ningewapa nusu boksi," tukaangua kicheko hata waliotushinda wakageuka kutazama. Mzee Harbans hakucheka. Alikuwa akipangusa macho kwa ncha ya kilemba, akisingizia vumbi.

Juma lililofuata klabu yao ilituma watu kuuliza tunavyouza risasi zetu. Wakaiga, na klabu nyingine zikawaiga wao. Shehena ziliporudi kuwa za kawaida, nasikia Teri alibaki na garaji limejaa mzigo usiotakiwa na mtu. Mali ya bahili huliwa na wadudu. Ya kwake ililiwa na kutu.

Sasa shika haya, mwanangu. Uhaba utakukuta tu. Leo ni risasi za mchezo, kesho ni maziwa ya watoto wachanga, au dawa, au hivyo viatu na tiketi mnavyokesha kwenye simu kuvinunua ili mmuuzie mwenzenu kwa bei ya kumtoa roho. Ukikutana nao, chukua haki yako, usichukue ya aliye nyuma yako kwenye foleni. Usitafute mlango wa nyuma kwa kuwa unajuana na mwenye duka. Na ukiona njia mbaya imepanuka, usikomee kuilaani. Umiza kichwa utafute nyingine, kisha uioneshe hata kwa wanaokupinga. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sisi hatukuwa na kingi, tulikuwa na boksi moja.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe cha kukutosha na kidogo cha kumpa mwenzio, akupe marafiki watakaofungua begi kabla hujaamua, na siku utakaposhindwa, akujaalie ushindwe ukiwa umenyoosha mgongo. Amina.