Siku Niliyotangazwa Marehemu Nikiwa Nakunywa Chai

Nilifariki Jumanne, saa tano asubuhi, kikombe cha chai mkononi.

Aliyenipa taarifa ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Alipiga simu, nikapokea, nikasema "Haloo."

Ukelele, simu ikaanguka puu!

Akapiga tena. "Wewe nani unapokea simu ya marehemu?"

"Marehemu gani?"

"Shemeji... ni wewe?"

"Ni mimi. Kwani nani kafa?"

"Wewe!"

Wanaonijua wanajua kwamba mimi ni muongo wa daraja la kwanza. Nimesoma mita za umeme nyumba kwa nyumba miaka thelathini na moja, na kila mbwa aliyenibwekea nimeshamsimulia kama simba. Lakini hii, haki ya Mungu, natamani ingekuwa ya kutunga.

Shemeji akanirushia picha iliyokuwa inazunguka kwenye kundi la ukoo. Tanzia. Sura yangu katikati, maua meupe pembeni, jina langu lote kwa herufi za dhahabu.

Nikaikagua kama fundi. Kivuli cha kidevu kimekaa. Ngozi imelainishwa kwa kiasi. Yaani nilipendeza nikiwa maiti kuliko nilivyowahi kupendeza nikiwa hai.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nilipostaafu, wenzangu walifuga kuku. Mimi nikajiandikisha chuo cha ufundi, kozi ya maltimidia: kutengeneza matangazo, kuhariri picha, kukata video. Vijana ishirini na mimi. Siku ya kwanza tu wakanibandika jina: Babu Pikseli, kwa zile nukta ndogo zinazounda picha.

Kilichonipeleka kule ni picha ya mke wangu. Alipofariki, ile iliyowekwa juu ya jeneza ilikatwa haraka haraka kutoka kwenye picha ya watu wawili. Ukitazama begani kwake unaona vidole vinne vya mtu.

Ni vya mwanetu wa pekee. Nilitaka kujifunza namna ya kumrudisha mwenye vidole.

Maana mwenyewe alikuwa hanisemeshi mwaka wa sita sasa. Mama yake alipoumwa alisema tumpeleke hospitali leo leo. Mimi nikasema ni uchovu tu, tusubiri Jumatatu. Jumatatu haikumkuta.

Makaburini akaniambia, "Baba, ubishi wako ndio uliomuua mama." Akaondoka. Nikipiga hapokei. Nikiandika hajibu.

Basi. Chuoni nilikaa kompyuta namba saba na binti mmoja tuliyemwita Kasi, kwa sababu wewe bado unatafuta kipanya kilipo, mwenzako keshamaliza. Mama yake alikuwa anadeki ofisi za watu ili yeye asome. Duka moja la uchapishaji lilishamwahidi kazi, sharti aje na cheti. Zilibaki wiki tatu.

Darasa zima lilifanyia mazoezi sura yangu. Walisema mikunjo yangu ni somo tosha. Nimeshakuwa bwana harusi, nimekuwa daktari wa meno, nimekuwa tangazo la dawa ya mende.

Siku tulipopewa zoezi la tanzia, Kasi akanigeukia. "Babu, nikuue kidogo?"

"Niue, ila nipunguze kitambi."

"Maiti haina kitambi, Babu, ina heshima." Akacheka. "Hapa chini panatakiwa namba ya msemaji wa familia. Niweke ipi?"

Nikamtajia ya mwanangu. Ndiyo niliyoikariri.

Sasa, mwalimu wetu alikuwa na sheria moja. Kila kazi ya mazoezi lazima ipigwe neno MFANO, jekundu, kukatiza picha nzima. Neno lile hukaa kwenye tabaka lake la juu, na pembeni yake pana kialama cha jicho. Ukibonyeza jicho, neno linajificha. Ugonjwa wa wanafunzi ni huo: unalificha ili uione kazi yako vizuri, halafu unasahau kulirudisha.

Tanzia yangu iliyozunguka haikuwa na MFANO.

Na ilikuwa imetoka kwenye wasapu ya Kasi, ikaenda moja kwa moja kwenye namba ya msemaji wa familia. Kwa mwanangu. Yeye ndiye aliyeifikisha kwenye kundi la ukoo.

Shemeji alimpigia kumwambia niko hai, simu yake ikawa imezimwa. Saa tisa alasiri nikasikia mlango unasukumwa bila hodi.

Alikuwa amesimama pale na shati jeusi, kalivaa nje ndani kwa haraka. Kanenepa kidogo. Mvi mbili tatu. Akaniangalia nilivyoshika sufuria.

"Baba?"

"Karibu, mwanangu. Chai imebaki."

Alinikumbatia mpaka sufuria ikadondoka. Akalia, bega langu likalowa.

"Nisamehe, baba. Njia nzima nilikuwa nasema nisamehe, nikijua husikii."

"Nimesikia, baba'ngu. Nimesikia yote."

Miaka sita nilikuwa naisubiri saa ile. Nisidanganye, sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kisha akajifuta uso. "Nani kafanya upuuzi huu?"

"Ah, watoto wa chuo. Wamekosea."

"Hapana, baba. Huu si wa kuachia hivi hivi. Kesho tunakwenda wote."

Kesho yake tukakaa ofisini kwa mkuu wa chuo. Mkuu, mwalimu wetu, Kasi kwenye kiti cha mbele, mimi na mwanangu ukutani. Mwanangu alikuwa amenishika mkono, kama ananizuia nisife tena.

"Faili ni lako?" mkuu akauliza.

"Ni langu," Kasi akasema.

"Namba iliyotuma ni yako?"

"Ni yangu. Lakini sikutuma. Nilikuwa nimefungua wasapu kwenye kompyuta, nikatoka dakika kumi kwenda kuchukua karatasi stoo."

"Ukaiacha wazi?"

"Niliiacha wazi."

"Darasani alibaki nani?"

Kasi akageuka. Akanitazama mimi. Akanitazama muda mrefu, halafu akautazama mkono wa mwanangu juu ya mkono wangu.

"Sikumbuki," akasema.

Mwalimu akainamisha kichwa. Mkuu akaandika. Mwanangu akasema kwa ukali, "Huyu binti angeniua mimi barabarani kwa mwendo niliokuja nao! Mkimpa cheti, nakwenda magazetini."

Mimi niliyekuwa na mdomo mrefu kuliko mtaa mzima, siku ile sikuwa na neno.

Wakamwondoa. Hafanyi mtihani, habari ya cheti basi tena.

Akatoka bila kulia. Nikamwambia mwanangu naenda msalani, nikamkimbilia Kasi getini huku goti likilalamika.

"Mjukuu wangu..."

"Usiniite mjukuu wako."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ningekutaja wangesema namsingizia mzee aliyefufuka jana." Alikuwa anakunja koti lake la mafunzo, anakunja anakunjua. "Nikasema huyu ni mtu mzima, atasema mwenyewe. Nikakusubiri, Babu. Nimekusubiri mpaka hapa getini."

Akaondoka.

Haya, wasomaji, wenye akili nyepesi mlishanijua.

Ni mimi.

Alipotoka kwenda stoo, wenzetu wakiwa mapumziko, nilibaki peke yangu na ile tanzia kwenye kioo. Namba ya mwanangu iko pale chini, inaniangalia. Nikajiuliza, hivi nikifa kweli, huyu atakuja? Nikalibonyeza lile jicho. MFANO ikapotea. Nikatuma, nikafuta alama za kutuma, nikaenda zangu nyumbani, nikabandika chai, nikakaa kusubiri kufa kwangu.

Sikumfikiria Kasi hata kidogo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Nilirudi ofisini. Mwanangu na mkuu walikuwa wanapeana mikono. Nikasema pale pale mlangoni, kabla ujasiri haujanitoka, "Aliyetuma ni mimi."

Mwalimu akavua miwani. Mkuu akacheka, akidhani ni zile hadithi zangu.

Mwanangu hakucheka. Ananijua.

"Ulikuwa unajua ukweli na mimi siujui," akasema polepole. "Ukaniacha nilie vile."

"Nilitaka uje, mwanangu."

"Nimekuja." Akachukua funguo zake mezani. "Baba, yale machozi yalikuwa ya mazishi yako. Sina mengine."

Akapita pembeni yangu, akahakikisha hata shati lake haligusi langu.

Nilimwambia mkuu anifukuze mimi, amrudishe binti. Mimi kunifukuza alinifukuza. Kuhusu Kasi akasema kuacha akaunti wazi ni kosa kwa kanuni, asubiri mtihani wa mwaka ujao. Nilikwenda mpaka dukani kule nikawaeleza ukweli wote. Mwenye duka akanisikiliza kwa adabu, akaniambia nafasi imeshapata mtu.

Kwa mama yake Kasi nilikwenda pia. Alinifungulia akiwa na tambara la kudekia mkononi, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Na wewe, mzee mzima, hukuwa na simu?"

Nilikuwa nayo. Na pesa ya nauli ya kumfuata mwanangu nyumbani kwake nilikuwa nayo pia, miaka yote sita, na sikuwahi kupanda gari.

Wewe unayesoma hii na una mtu mmenuniana: nenda. Nenda na miguu yako, na aibu yako, na kosa lako ulitaje kwa jina. Akikufungia mlango, kaa nje. Usitafute ujanja wa kumleta, maana ujanja humkanyaga na asiyekuwemo.

Mimi wiki iliyopita nilikwenda. Hakufungua. Mkwe wangu, mke wake, alitoa kiti nje, akakiweka mlangoni, akarudi ndani.

Kesho naenda tena.