Mama Cheche na Gia Isiyoguswa na Tupa

Karakana bado inanuka mafuta ya jana, na Mama Cheche tayari ameinamisha kichwa pembeni ya mashine, kama mzazi anayesikiliza mtoto akipumua usingizini. Ndani ya beseni la mafuta, kipande cha shaba kilichochongwa kwa umbo la nafasi iliyo kati ya jino na jino kinaisogelea gia ya chuma bila kuigusa. Kati yao zinaruka cheche za umeme, tsi-tsi-tsi, kila moja ikinyofoa chembe isiyoonekana kwa macho.

"Zikilia hivi zinakula vizuri," anasema bila kugeuka. "Zikianza kufoka, nakimbilia swichi."

Gia hiyo ni ya pampu inayopandisha maji mtaani kwake. Ya zamani ilikatika meno. Hii mpya ilipikwa tanuruni hadi ngozi yake ikawa ngumu, moyo ukabaki laini ili isivunjike kwa mshtuko. Lakini moto hauna adabu: gia ilitoka imejipinda kidogo, haikubali kuingia mahali pake. Tupa inateleza juu yake, visu vya mashine vinavunjika. Zimebaki cheche tu, na gia nyingine hakuna.

Simu inaita. Ni mama yake, anayeishi ghorofa ya tatu na siku hizi anapanda ngazi na ndoo.

"Mwanangu, hiyo gia yako haijaiva tu? Magoti yangu yamekwisha."

"Iliiva zamani, mama. Ndiyo shida yenyewe."

Mlangoni anasimama msimamizi wa pampu, mtu mpole aliyechoshwa na matusi ya mtaa mzima. Anachungulia. "Dada, si meno yamekaa sawa sasa? Nipe niondoke nayo."

"Bado kaka. Maji yakija leo yakakatika kesho, mtanitukana mara mbili."

Anajua anachokisema. Cheche kali huacha gamba jembamba juu ya jino, gumu lakini rahisi kupasuka. Alipokuwa mgeni wa kazi hii alimkabidhi mwenye mashine ya kukamua mafuta gia yenye gamba hilo, ikarudi kibogoyo. Akaapa kutorudia, iliyofuata akaisugua mpaka ikang'aa kama kioo, kumbe ameimaliza ngozi yote. Nayo ikarudi, meno yamelika.

"Nililia," anamwambia msimamizi. "Mume wangu ni mchomeleaji, akanicheka: mimi nakipigia chuma kelele, wewe unakinong'oneza, na bado kinakukatalia!"

Sasa anapunguza umeme. Sauti inafifia, cheche za mwisho zinalamba tu. Kisha anaitoa gia, anaifuta, anapitisha jiwe laini jino kwa jino kutoa gamba tu, akisimama kila mara kupapasa kwa ukucha. Msimamizi ameacha kuangalia saa. Ukweli ni kwamba mikono ile inapendeza kuitazama.

Msimamizi anapoondoka na gia kifuani, Mama Cheche anakaa chini kwa mara ya kwanza. Mashine hii si yake; anatafuta yake mwenyewe, hata iliyotumika, aiweke chumba cha mbele cha nyumba ya chini, mama yake ahamie hapo karibu naye, pasipo ngazi.

Jioni simu inaita tena. Ni mama yake. Ameiweka simu karibu na bomba, ndoo inajaa. Mama Cheche anainamisha kichwa pembeni na kusikiliza.

"Yanalia vizuri," anasema, na machozi yanamtoka.